Tuna jiwe la tani 16 pale Mbozi, sasa Wajapani na Wamarekani walifuata nini kule juu?

Spea za Tunduma

Wakuu habari za jioni, huu uzi ni mrefu kidogo kwa hiyo mwenye haraka apite tu.

Jumamosi nilipanda Costa kutoka Tunduma kuja Mbeya kufuata mzigo. Tumefika pale kwenye kibao cha kuingilia Kimondo, mzee mmoja siti ya mbele yangu, dumu la asali kalibana miguuni, akaanza kusema kama anaongea na kioo: "Hawa Wamarekani bwana, mabilioni yote yale kwenda kuokota kokoto huko juu, na sisi Mungu katushushia jiwe tani kumi na sita hapo Ndolezi, si wangekuja na nyundo tu wakamega." Gari zima kicheko, konda akadakia eti na kiingilio wangelipa. Mimi na kiherehere changu nikamwambia mzee hiyo ni sayansi. Akageuka taratiiibu, "sayansi gani mwanangu, hebu nieleze". Wakuu, kutoka hapo mpaka Mbalizi nilikuwa nachezea simu tu, sina jibu.

Imeniuma. Nimekaa siku tatu namaliza bando nasoma, naweka hapa nilichokielewa, wajuzi mnirekebishe.

Kwanza mzee hakukosea kitu. Kimondo cha Mbozi kweli kinakadiriwa tani 16, urefu kama mita 3, karibu asilimia 90 chuma na kinachofuata ni nikeli. Wenyeji walikuwa wanakijua, wageni wakaja kukiandika kwenye vitabu vyao 1930. Na mpaka naandika hapa, safari zilizowahi kwenda kwenye asteroidi, yale mawe makubwa yanayozunguka jua, zikachota na kurudi duniani na mzigo ni tatu tu: mbili za Wajapani, moja ya NASA, shirika la anga la Marekani. Na mzigo wenyewe? Ile ya NASA, ambayo ndo imeleta mwingi kuliko zote, ni gramu 121.6. Nenda dukani uombe nusu robo ya sukari, haifiki. Na gharama ilipita dola bilioni moja. Kwa hiyo ukiweka kwenye mizani, mzee kashinda.

Ila hapa ndo nilipokwama na hapa ndo nikaelewa. Hewa ya dunia ni chekeche, tena chekeche la moto. Jiwe linaingia kwa kasi ya kilomita kumi na kitu kwa sekunde, nje linayeyuka, linapasuka, na kinachofika chini ni kile kigumu kilichoweza kuvumilia. Chuma kinafika. Mawe laini, yale yenye udongo udongo na kaboni na maji yaliyojifungia ndani, mengi yanaishia juu yanakuwa vumbi. Sasa hayo laini ndo yamebeba habari ya jua na sayari zilipoanza miaka bilioni 4.6 iliyopita. Chuma cha Mbozi kilishapikwa zamani ndani ya tumbo la kitu kikubwa huko huko angani, kikayeyuka, kikaganda, ndo kikavunjika kikaja. Ni kama uji, unga ulivyokuwa huwezi kuujua tena.

Nimeishia hapo. Nani anaongeza?

Mnyalukolo OG

Kamwene wote. Mkuu umeanza vizuri, mimi niko Iringa nimeshaleta kambi humu. Swali moja, hiyo ya Wajapani inaitwa Hayabusa si ile pikipiki?

Spea za Tunduma

Mnyalukolo 😂 pikipiki ni ya kampuni nyingine, jina wamechukua kwa ndege mmoja, mwindaji jamii ya kipanga. Ila hicho chombo nacho kilienda kama bodaboda mbovu, ngoja nikupe.

Kiliruka Mei 2003 kwenda kwenye kijiwe kinaitwa Itokawa, urefu kama nusu kilomita. Kina magurudumu matatu ya kukiweka sawa kisiyumbe, mawili yakafa. Kikaachia kiroboti kidogo kikatue juu ya jiwe, kiroboti kikakosa jiwe kikapotelea angani mazima. Novemba 2005 kikashuka kuchota, mpango ulikuwa kifyatue kirisasi kwenye jiwe ili vumbi liruke liingie kwenye mrija, kirisasi hakikufyatuka. Mafuta yakavuja. Desemba kikazima mawasiliano wiki saba, watu wanajua kimekufa. Wakakipata tena, wakakisukuma nyumbani taratibu kwa injini zinazokwenda na umeme, kikafika jangwa la Woomera, Australia, Juni 2010, miaka mitatu nyuma ya ratiba. Chombo chenyewe kikaungua hewani, kikadondoka kile kidude cha mzigo tu. Walipofungua wakakuta chembe kama 1,500, nyingi ndogo hata kwa macho huzioni. Ule mguso wenyewe tu bila risasi ulikuwa umetimua vumbi likaingia.

Mimi nimependa sana hii. Gari limepasuka rejeta, breki hamna, gia moja, na bado limefikisha abiria.

Chunya Mchanga

Kwa hiyo mnatuambia watu wanafukuza mchanga wa gramu 121? Sisi huku Chunya tunapitisha tani kwenye karasha ndo tupate pointi. Kuna dhahabu huko au hamna, tusipotezeane muda.

Fundi Grenda

Chunya bwana 😂😂 akili yote dhahabu

Udongo Uyole

Naomba niingie hapa kwa sababu hili la sampuli ndo kazi yangu, sio ya angani lakini, ya shambani.

Mkulima ananiletea udongo kwenye mfuko wa rambo, anataka ajue aweke mbolea gani. Namuuliza umechimba na nini, anasema na koleo. Koleo lipi, lile la kuchotea DAP. Basi hapo hatuna kipimo, tutapima mbolea yake ya mwaka jana iliyoganda kwenye koleo, fosforasi itapanda mpaka kwenye mawingu, na yeye arudi nyumbani akijua shamba limeshiba. Sampuli inaharibika dakika ya kuchukuliwa, haiharibiki maabara.

Sasa jiwe lililoanguka lenyewe ni udongo wa kwenye rambo. Limenyeshewa, limeshikwa na mikono, limekaa kwenye droo miaka. Na sio utani: mwaka 2024 watafiti wa London walitoa ripoti kwamba chembe moja iliyoletwa na Wajapani kutoka asteroidi Ryugu, iliyosafirishwa kwa uangalifu wote ule, ilipotoka kwenye chombo chake ikakutana na hewa ya duniani, ikaota bakteria wa kwetu hapa hapa. Chembe! Sasa jiwe lililolala porini je.

Halafu Spea umeeleza vizuri lakini umepita juu ya jambo kubwa kuliko yote, na liko nyumbani. Umeng'ang'ana na Kimondo. Jiwe lenyewe ambalo hao Wajapani wamelinganisha na mzigo wao sio la Ndolezi. Ni la Ivuna.

Spea za Tunduma

Ivuna ipi??

Udongo Uyole

Ivuna hii hii ya bonde la Rukwa, huko chini. Tarehe 16 Desemba 1938, enzi ya Mwingereza, jioni, likaanguka jiwe. Lililookotwa lote kwa pamoja ni kama gramu 705, kitu cha kuweka kwenye mfuko wa koti. Jeusi, laini, unaweza kulivunja kwa kidole.

Sasa wanaosoma vimondo wameyapanga mawe kwa makundi, na kuna kundi moja adimu sana linaitwa CI. Ile C ni kaboni. Ile I ni Ivuna. Dunia nzima, kuanzia Tokyo mpaka Houston, mtu akiandika CI ameandika jina la Ivuna. Waliowahi kuonekana wakianguka wa kundi hilo ni watano tu. Na sio adimu tu, ukiondoa zile gesi nyepesi kama haidrojeni, mchanganyiko wake unafanana na wa jua lenyewe, kwa hiyo ndo limekuwa kama jiwe la mizani, mawe mengine yote yanapimwa kwa kulilinganisha nalo.

Hayabusa2, ile safari ya pili ya Wajapani, ikaondoka Desemba 2014, ikafika Ryugu Juni 2018, ikachota mara mbili 2019, ikarudisha mzigo Woomera Desemba 2020. Gramu 5.4, kijiko cha chai. Wakapima. Jibu la 2022: ni CI. Ni ndugu yake Ivuna.

Na hapa ndo jibu la yule mzee wa asali. Walipoweka vile viwili sambamba wakaona tofauti, lile la duniani lilishakunywa maji ya hewa yetu, lina salfeti na kutu ambazo kwenye Ryugu hazipo. Miaka yote vitabu vilikuwa vinaandika hiyo ni tabia ya jiwe, kumbe mengine ni unyevu wa stoo. Wangemega hapa hapa wasingejua.

Kamsamba Yetu

Mimi ni mtu wa huko kabisa, nimesoma msingi na sekondari huko, naomba niseme sijawahi kusikia hiki kitu hata siku moja. Ivuna kwetu ni chumvi. Bibi zetu walikuwa wanachemsha maji ya chumvi kwenye vyungu, watu wanatoka mbali kuja kununua. Jiwe la angani? Hapana. Ticha wa jiografia alitupeleka Ndolezi tukapiga picha na Kimondo tukarudi.

Hilo jiwe liko wapi sasa hivi?

Udongo Uyole

Kipande kikubwa kiko London, jumba lao la makumbusho ya viumbe na mawe walikinunua 2008, gramu mia mbili na kitu. Vingine wamegawana wenye maabara.

Kamsamba Yetu

"Walikinunua." Sawa.

Nasema Kweli

Yaani hapa ndo naona tunavyochezewa, jiwe letu wanauziana wao kwa wao, halafu mnawapigia makofi kwa kufuata jingine. Hizo dola bilioni zingejenga zahanati ngapi? Na hizo vidio za roboti nani kasema sio za studio.

Fundi Grenda

Nasema Kweli hilo la studio liache, studio huwa haikwami bolti. Mimi nilifuatilia ile ya NASA kwa sababu ya bolti tu.

Kapsuli yenye ule mzigo wao imetua jangwa la Utah, Marekani, tarehe 24 Septemba 2023. Hata parachuti zilitaka kuua, ile ndogo ya kwanza ilipewa amri kwa mpangilio uliogeuzwa kwa sababu kwenye michoro neno moja lilitumika kwa maana mbili, waya zikaenda kinyume. Bahati ile kubwa ikafunguka yenyewe ikabeba. Fundi umeme yeyote wa humu anajua hii habari, mmoja kaandika "kuu" akimaanisha parachuti kubwa, mwenzake kasoma "kuu" akajua ni kile kibaruti cha kufyatua ile ndogo.

Sasa wamefika maabara Houston, wanafungua kichwa kilichobeba mchanga. Bolti 35. 33 zimetoka. Mbili zimegoma. Wamekaa nazo mpaka Januari 2024! Mimi nikasema hawa watu wananiudhi, leta grenda, dakika mbili. Mtoto wangu akaniambia baba ile iko ndani ya sanduku la kioo lenye naitrojeni, mikono inaingizwa kwenye glavu, huruhusiwi joto, huruhusiwi cheche, huruhusiwi unga wa chuma kudondokea mchanga. Nikanyamaza. Wakachonga spana mpya kwa chuma cha hospitali kisichovuta sumaku, ndo zikatoka. Bolti mbili miezi mitatu. Nimeshakaa na injini ya Fuso wiki tatu kwa stadi moja iliyokatikia kwenye bloku, najua hiyo hasira.

Mama Kahawa

Nimecheka stadi 😂 shikamooni wakubwa humu. Mimi mkulima tu wa Mbozi (na tafadhali, Mbozi ni SONGWE tangu 2016, muache kuandika Mbeya). Naomba kuuliza, roboti inachotaje? Ina mkono kama koleo? Na nani anaiendesha?

Spea za Tunduma

Mama Kahawa marahaba sistahili, shikamoo wewe. Hili nimelisoma vizuri.

Jiwe la NASA linaitwa Bennu, upana kama mita 490. Chombo kimeondoka Septemba 2016, kimefika Desemba 2018, wakategemea kukuta uwanja wa changarawe laini kama ufukwe. Wamekuta mawe makubwa kama nyumba, kila kona. Wamezunguka karibu miaka miwili wanatafuta pa kugusa, wakapata kieneo kidogo kama sehemu chache tu za kupaki gari.

Tarehe 20 Oktoba 2020 ndo kikashuka. Hakuna anayeendesha, kwa sababu kipo mbali kilomita milioni mia tatu na kitu, amri ukiituma inafika baada ya dakika 18 na nusu. Ukiona kinagonga jiwe ujue kiligonga zamani. Kwa hiyo kimepewa picha za uso wa lile jiwe, kinashuka kinapiga picha zake kinalinganisha, kikiona panapotisha kinapaa chenyewe.

Mkono una mita 3 na kitu, mwishoni una kitu kama chujio la hewa la lori, lile la duara. Kinagusa, kinapuliza naitrojeni kwa nguvu, changarawe zinaruka zinanaswa kwenye duara. Sekunde chache kimeondoka. Sasa jiwe lile uzito wake wa kuvuta ni mdogo sana, na kumbe juu hapajashikana kabisa, mkono ukazama kama nusu mita. Unajua yale malundo ya pumba pale mashine za mpunga Ubaruku, ukikanyaga mguu unazama mpaka goti? Ndo hivyo. Kisingewasha injini za kurudi juu kingeendelea kuzama.

Na kikabeba kupita kiasi. Lengo lilikuwa gramu 60, kimejaza mpaka mawe yakakwama kwenye mlango mfuniko haufungi, mchanga unavujia angani wanauona kwenye picha. Wakaacha lile zoezi walilopanga la kupima uzito wa mzigo wakafunga haraka haraka kwenye kapsuli.

Mama Kahawa

Ahaa, kumbe kama sie na gunia, unajaza mpaka halishoneki.

Ndaga fijo mwanangu.

Chunya Mchanga

Bado sijajibiwa, kuna nini ndani.

Udongo Uyole

Dhahabu ya kukushughulisha hamna. Ila kilichopatikana kinaweza kumfurahisha Kamsamba kuliko wewe.

Majibu ya Bennu yalitoka Januari 2025. Kuna amino asidi, kati ya 20 ambazo viumbe tunazitumia kujengea protini zimeonekana 14. Kuna zile herufi zote tano zinazoandikia DNA na RNA. Kuna amonia nyingi. Hakuna kiumbe, tusije tukaanza kuandika vichwa vya habari, ni malighafi tu, mchanga na saruji bila nyumba.

Lakini mimi kilichoniacha mdomo wazi ni chumvi. Ndani ya zile chembe kuna chumvi ya kawaida hii ya mezani, na kuna magadi. Magadi haya haya, ya maharage. Maana yake nini: lile jiwe mama lililovunjika likazaa Bennu lilikuwa na maji ndani, maji ya chumvi, yakakauka pole pole, chumvi moja inaganda kabla ya nyingine kwa mpangilio, sawa sawa na ziwa la magadi linavyokauka, au na chungu cha bibi yake Kamsamba. Na magadi ukiyaacha kwenye hewa yenye unyevu unajua yanavyofanya. Ingekuja yenyewe kama kimondo ikanyeshewa na mvua moja tu ya hapa Mbeya, chumvi ile isingeonekana, na hakuna ambaye angejua ilikuwepo.

Spea, hilo ndo ungemwambia mzee.

Kamsamba Yetu

Subiri kwanza.

Kwa hiyo jiwe lenye jina letu limeangukia kwenye kijiji cha kuchemsha chumvi, na hao wameenda angani miaka saba wakakuta chumvi iliyochemka.

Udongo Uyole

Limekauka, halikuchemka, joto lilikuwa dogo. Na ni mawe mawili tofauti, Ryugu ndo ndugu wa Ivuna, Bennu ana ukoo wa karibu. Lakini ndiyo.

Nasema Kweli

Mmenihamisha kidogo, sio sana. Hilo Bennu si ndo wanasema litatupiga?

Mnyalukolo OG

Uwezekano mmoja kati ya 2,700, tarehe 24 Septemba 2182. Wewe na mimi tutakuwa tumeshapigwa na vingine.

Kinachonihusu mimi ni Apophis. Hicho chombo kilichodondosha mzigo wa Bennu hakikurudi, kilipita tu kikaendelea, sasa kimepewa jina jipya OSIRIS-APEX na kinaelekezwa kwa Apophis, jiwe la mita mia tatu na kitu. Usiku wa Ijumaa tarehe 13 Aprili 2029 litapita kilomita kama 32,000 juu ya vichwa vyetu, chini ya satelaiti za dishi zako. Haligongi. Ila Afrika tutaliona kwa macho, bila darubini, kinyota kinatembea.

Fundi Grenda

Aprili, Mbeya. Mawingu yale. Ukungu wa Uyole. Tutaona nini sasa.

Mnyalukolo OG

Njoo Iringa upande wa Pawaga, huko mvua ni za kubembeleza.

Mama Kahawa

Na Wachina wako wapi, hawakosi hawa.

Spea za Tunduma

Wameondoka Mei 2025 mama, Tianwen-2, wanafuata kijiwe kidogo Kamo'oalewa kinachozunguka jua sambamba na dunia kama mbwa anayemfuata mwenye shamba. Mzigo wanategemea kurudisha 2027.

Wajapani nao nilisahau kusema, kwenye Ryugu walipiga jiwe kwa kipande cha shaba kilo 2 ili wachimbe kishimo wachote cha chini ambacho jua halijakichoma, chombo kikaenda kujificha nyuma ya jiwe kisipigwe na vipande. Shimo likatoka zaidi ya mita 10. Shaba! Hapa Tunduma inapita kila siku kwenye malori na hakuna anayeigeukia.

Kamsamba Yetu

Wakuu mimi niko Dar miaka tisa sasa, wiki ijayo naenda nyumbani. Nataka nipite Ivuna niulize wazee, aliyekuwa mtoto 1938 leo ana tisini na kitu, hawezi kukosekana hata mmoja aliyesikia ule mlio au aliyesimuliwa. Gari za Kamsamba siku hizi zinapandiwa wapi, Vwawa au?

Mama Kahawa

Mlowo mwanangu. Wahi asubuhi, ikifika saa nne hupati siti.